Oili Ambayo Haikupimwa

Mwezi wa saba wa mwaka 1986, Angela alikuwa akiamka kabla jogoo wa jirani hajawika. Mama yake alikuwa amekwenda Dongobesh kumuuguza bibi, na kazi zote za nyumbani zilimwangukia yeye. Alichota maji, akakamua ng'ombe, akampikia mdogo wake uji, kisha akakimbilia shule pale Mogitu, alikokuwa akisoma darasa la sita. Siku nyingi alisinzia katika kipindi cha hesabu, na mwalimu alipomwita, alisimama bila kujua ameulizwa nini.

Baba yake, Ignasi, naye hakuwa na nafuu. Alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la ngano la serikali. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kombaini, zile mashine za kuvunia, ziliharibika kila siku. Alirudi nyumbani na vumbi la makapi limemjaa hadi kwenye kope, akala upesi, na mara nyingine akalala na viatu miguuni.

Jumatano alasiri, magari mawili yaliingia uani. Yalikuwa magari ya michezo yaliyotumika, ya milango miwili, yenye pua ndefu na yaliyokaa chini kama chura. Moja lilikuwa jekundu, jingine jeupe. Wenye magari hayo walikuwa wataalamu wa kigeni waliomaliza mkataba wao, na walikuwa wakiyauza kabla ya kurudi kwao. Jekundu liliendeshwa na Bwana Abdulrahmani, mwenye duka la vitambaa Katesh. Jeupe lililetwa na dereva wa shamba.

"Shikamoo, mzee," Angela alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

Ignasi alitoka ndani akifikicha macho. Bwana Abdulrahmani hakuficha furaha yake. Tangu ujana alitamani gari la namna ile, tangu siku alipoyaona magari ya mashindano yakipita mbio na kuacha vumbi.

"Fundi, nimeruhusiwa kuchagua moja. Yapime, Jumamosi unipe neno lako. Moyo wangu uko kwenye hili jekundu, la otomatiki. Halina klachi ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, gia zinajibadilisha zenyewe. Na goti langu la kushoto unalijua lilivyo tangu nilipoanguka kwenye lori."

Ignasi aliyazunguka magari yote mawili taratibu. "Hili jeupe la klachi likiharibika, nitalifungua hapa hapa uani. Betri ikifa, watu wawili wanalisukuma na linawaka. La otomatiki, hata ulisukume mpaka Gendabi, haliwaki. Na giaboksi yake ikifa, simjui fundi wa karibu anayeweza kuifungua. Lakini kwa goti lako, nikikuta giaboksi ni nzima, nitakwambia ulichukue."

Alhamisi Ignasi aliyaendesha yote mawili hadi mlimani na kurudi. Ijumaa alfajiri, kabla hajafungua boneti, lori la shamba lilimpigia honi. Kombaini mbili zilikuwa zimekwama.

"Angela," alisema huku akivaa koti, "ukitoka shule, fungua boneti ya lile jekundu. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi kama nilivyokuonyesha, ukifute kwa kitambaa cheupe. Oili nzima ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, giaboksi imeanza kujila. Uniandikie kwenye daftari langu."

"Sawa, baba."

Lakini siku ile ilikuwa ndefu. Kuni zilikuwa zimekwisha, na ndama alikuwa ametorokea kwa majirani. Angela alipompata na kumrudisha, alikuwa amechoka hoi. Aliketi kando ya gari jekundu apumzike kidogo, akaegemea tairi, usingizi ukamchukua. Alizinduliwa na upepo wa baridi. Jua lilikuwa linazama, ng'ombe analia akitaka kukamuliwa, na mdogo wake analia njaa.

Aliitazama ile boneti ndefu. Akalitazama daftari. Kisha akachukua kalamu na kuandika: "Oili nyekundu, safi. Hainuki." Maneno yenyewe yalikuja upesi, kama vile kweli alikuwa ameiona.

Baba yake aliporudi, aliyasoma akiwa amesimama. "Umenisaidia sana, mwanangu," alisema. Angela aliinamisha uso, akamsogezea mdogo wake sahani yake ya ugali.

Jumamosi asubuhi Bwana Abdulrahmani alifika na mkewe, Mwanaamina. Ignasi aliwakaribisha, akafungua daftari.

"Juzi mlimani hili jekundu lilisitasita kidogo kubadili gia," alisema. "Nilitia shaka. Lakini oili yake ni safi. Lichukue."

"Alhamdulillahi!" Bwana Abdulrahmani alicheka kama mtoto. "Pikapu yangu nimeshaiuza, fundi. Hili sasa ndilo miguu yangu. Kesho naanza nalo safari ya Singida."

Angela aliyekuwa akiwamiminia chai aliliweka birika chini. Akilini alimwona mzee yule amekwama porini, goti linamuuma, gari haliwaki hata likisukumwa.

"Baba," alisema. Akalionyesha lile daftari kwa kidole. "Baba, sikuipima oili. Nilichoka, nikalala. Nikaandika tu."

Ignasi aliinuka, akafungua boneti mwenyewe, akachomoa kijiti na kukifuta. Kitambaa cheupe kikawa cheusi kama masizi. Harufu ya kuungua iliwafikia wote.

"Giaboksi hii imekwisha," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe, Bwana Abdulrahmani. Ningekuingiza kwenye matatizo."

Bwana Abdulrahmani alishusha pumzi. Akaingia katika gari jeupe, akakanyaga klachi mara moja, mara mbili. Mara ya tatu uso ulimkunjamana kwa maumivu.

"Toka humo," Mwanaamina alimwambia. "Baba yangu alinifundisha kubadili gia kwenye lori la magunia kabla hujanijua."

"Na mimi je?"

"Wewe utakaa upande wa pili, uangalie njia."

Mwanaamina alilitoa gari uani, akabadili gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kulisumbua. Walipolizunguka shamba la jirani na kurudi, mumewe alikuwa akicheka tena. "Tunachukua hili la klachi," alisema. Kisha akamgeukia Angela. "Ahsante, mwanangu. Ingawa umechelewa kidogo."

Walipoondoka, Ignasi alikaa kwenye kigogo na kumwita binti yake. Angela alikuja akilia.

"Mimi nilikosea kwanza," baba alisema. "Nilikuona umechoka, nikakutwika na kazi yangu. Sitafanya hivyo tena. Leo nitamwomba shangazi yako aje atusaidie mpaka mama arudi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Kuchoka si kosa. Hata mashine huchoka. Ungeniambia, 'Baba, sikuipima,' ningeipima mwenyewe, basi, yakaisha. Ila ukiandika jambo ambalo hukuliona, atakayeumia ni yule aliyekuamini. Leo umesema kweli mbele ya wageni, na najua ilikuwa vigumu. Siku nyingine useme mapema. Sasa nenda kalale, mdogo wako nitamwangalia mimi."