Kompyuta Iliyosingizia Printa

Chiriku alisoma zamu ya mchana. Asubuhi alimsaidia shangazi yake kwenye duka la kuchapa: yeye akiwasha kompyuta, shangazi akifagia. Jina hilo alipewa kwa kupenda kusema, lakini leo alikuwa kimya.

"Printa haijaunganishwa," kompyuta iliandika.

"Haijaunganishwa vipi, na waya nimeushika mkononi!" Shangazi alifoka. Chiriku akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Sasa ikaandika kwamba mtandao haupo.

"Mara printa, mara mtandao! Baadaye itasema mimi ndiye sipo!"

Mwalimu wa zamu wa shule ya karibu alikuwa akisubiri hapo dukani karatasi za mtihani. "Dada, watoto wameshaketi. Nikirudi mikono mitupu, mwalimu mkuu atahamishia kazi zetu kwa jirani yako."

"Ni yule muuza waya! Ameniuzia kimeo. Leo atanitambua!" Shangazi akajifunga kibwebwe, akatoka. Mlangoni akakumbana na fundi wa kompyuta aliyekuwa ameitwa kwa simu.

"Mama, tulia kwanza," fundi alisema. "Ilipowashwa tu, iliandika nini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nafagia."

Chiriku akamsogelea fundi. Akinyamaza, muuza waya angetukanwa bure, na karatasi zisingetoka.

"Inaandika kwamba betri ya saa imechoka," alisema polepole. "Huwa nabonyeza tu yapite, niwahi gemu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, shangazi."

"Na mdomo wote huo ulionao!"

Fundi akafungua kompyuta, akatoa kibetri kidogo kama kifungo cha shati. "Kilikuwa kimechoka, leo kimekufa. Tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Ile programu inayopeleka kazi kwa printa kimyakimya ikikuta tarehe ya uongo, haianzi. Kompyuta nayo haijui sababu, inamsingizia yeyote aliye karibu nayo."

Akaweka kibetri kipya, akarekebisha tarehe. Printa ikanguruma, karatasi zikaanza kutoka. Mwalimu akazikumbatia zikiwa bado na joto, akatimua mbio.

Shangazi akaketi, akafuta jasho.

"Nilikuwa naenda kumvunjia heshima mtu wa watu," alisema. "Mwanangu, kosa likiwa dogo, liseme. Ukilipitisha, litazaa mengine yasiyofanana nalo, na lawama zitamwangukia asiyehusika. Usiogope makelele yangu. Nitafoka, kisha tutatengeneza."