Mboji ya Moto Haijaiva

Mtaa mzima ulimwita Hamira. Alikuwa mwokaji wa mikate, lakini jina halikutoka huko tu. Bwana huyu alikuwa hakawii kuumuka. Mguse kidogo, anajaa.

Asubuhi moja alikuwa amejaa kweli. Alisimama mbele ya tanuri lake, mikono kiunoni.

"Kiwanda cha mbao kinajenga kwingine," alimwambia mkewe. "Wakimaliza kujenga, wanahama. Hatutapata vipande vya mbao tena. Tutaokea nini? Mate?"

"Tutaokea mijohoro," mkewe akajibu. Alikuwa anapaka mafuta trei za mikate, wala hakuinua uso.

"Mijohoro ipi? Ile miche iliyonuna huko nyuma?"

Miche hiyo mkewe aliipanda nyuma ya duka, kwa ajili ya kuni. Mjohoro hukua haraka. Ukiukata, kisiki huchipua tena. Ila zamani watu walifyatua matofali pale. Udongo mzuri ulikwenda na matofali. Uliobaki ulikuwa mgumu kama kisigino. Miche ilisimama tu, kama wageni waliofika siku isiyo yao.

"Inataka mbolea," mkewe akasema. "Mpigie mdogo wangu."

Huyo mdogo wake alifanya kazi kwenye uwanja ambako taka za sokoni hugeuzwa kuwa mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza. Hamira alimwita Waziri wa Takataka. Yeye alimwita Hamira majina ambayo hayaandikiki. Ndiyo raha ya shemeji.

Hamira alipiga simu huku mikono imejaa unga, simu ameibana kwa bega.

"Kusanya maganda, mboga zilizooza, majani makavu na samadi," shemeji akamwambia. "Weka na jivu kidogo. Funika. Itapata joto. Iache mpaka iive. Sasa sikiliza vizuri, shemeji, maana..."

"Nimeelewa. Unanifundisha mimi kuivisha kitu?"

Akakata simu.

Basi akafanya kama anavyojua. Alibeba taka za sokoni, akazimwagia maji mengi, akazikanyaga kama anakanda unga. Akatia hamira na sukari. Akafunika kwa nailoni, akaibana pande zote. Juu yake akatandaza blanketi.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "hilo blanketi la nani?"

"La kwetu."

"Najua ni la kwetu. Nauliza kwa nini limelala nje, na sisi tunalala bila."

"Ili iumuke."

Iliumuka harufu. Ilipita mlangoni, ikaingia dukani, ikakaa. Mteja mmoja alinusa mkate wake. "Huu ni wa nini?"

"Wa ngano," mke akasema.

"Ngano iliyokufa lini?"

Mke akarudisha hela.

Siku Hamira alipofunua, mvuke ulimpiga usoni. Akafurahi. "Ya moto kabisa. Imeiva."

Akaijaza kwenye miche yote, hadi ikakumbatia mashina. Juu yake akamwaga jivu la tanuri, ndoo baada ya ndoo. Haikuchukua muda. Majani yakawa ya kahawia pembeni, kisha yakakauka kama mkate uliosahauliwa. Karibu miche yote ikafa.

Mkewe alikwenda kutazama. Hakupiga kelele.

"Ningekuoka wewe," alisema. "Kama tungekuwa na kuni za kuchezea."

Akampigia mdogo wake mwenyewe. Shemeji alikuja amevaa mabuti na glavu. Alichoma kijiti kwenye rundo lililobaki, akakivuta, akakinusa.

"Shemeji, hapa umemzika nani?"

"Wewe ulisema ifunikwe," Hamira akaanza kujaa. "Ulisema ipate joto. Ulisema iive. Ilikuwa ya moto, nimeigusa mwenyewe."

"Ndiyo shida. Mkate ukiwa wa moto, umeiva. Mboji ikiwa ya moto, bado inapikwa. Kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wanakula taka, ndipo joto linatoka. Wewe umechukua sufuria jikoni ukaimwagia mizizi."

Hamira akalitazama rundo. "Na hamira haisaidii?"

"Hamira gani?"

"Usiulize, mdogo wangu," mke akasema. "Nakuomba."

Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaanza kazi. Aliwaonyesha kuchambua taka na kutoa nailoni, betri na vioo, maana hivyo havigeuki mbolea. Akawaambia wachanganye majani makavu mengi, ili hewa ipite.

"Rundo linapumua," alisema. "Ukilibana, linaoza na kunuka. Lifunike kwa magunia au nyasi. Maji yawe kiasi. Ukikamata konzi moja mkononi, iwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Kila wiki ligeuze, la ndani lije nje."

"Na jivu?"

"Jivu la kuni safi tu, konzi chache. Ukizidisha, linaunguza. Jivu la mbao zenye rangi au dawa usilete hapa kabisa. Lina sumu."

"Haya. Wiki ngapi?"

"Mpaka ipoe."

"Nimeuliza wiki ngapi, shemeji."

"Na mimi nimejibu. Ukiigeuza ikapata joto tena, bado. Ikikataa kupata joto, ikawa nyeusi, huwezi kujua lipi lilikuwa ganda na lipi kabichi, inanukia kama udongo uliopigwa na mvua, hapo imeiva. Iweke mbali kidogo na shina, uichanganye na udongo."

Hamira aligeuza rundo huku analalamika. Mara aje na koleo, mara aje na ndoo ya kuchotea mboji. Kila mara mkewe alikuwa pale.

"Tia mkono ndani."

"Ni vuguvugu tu, mama watoto."

"Rudi dukani."

Mvua zilipokaribia, mboji ilikuwa baridi. Wakapanda miche mipya. Safari hii majani yakafunguka mapana, ya kijani kibichi. Miti ikapita kiuno, ikapita kichwa, ikapita paa.

Kiwanda cha mbao kilipohama kweli, waokaji wengine walihangaika. Hamira na mkewe walikuwa wameshakata mijohoro ya kwanza na kuikausha. Visiki vilikuwa vinachipua tena. Tanuri liliwaka. Jivu lake, konzi chache, lilirudi kwenye rundo, kwenda kulisha miti iliyolizaa.

Mwokaji wa mtaa wa pili alikuja kuuliza siri. Hamira akavuta kiti, akajikohoza.

"Kwanza kabisa, ndugu yangu," alisema, "kazi hii haitaki mtu mwenye haraka."

Nyuma yake, trei ilimponyoka mkewe.