Kila Toleo na Chumba Chake

Mwanaisha alikuwa na desturi yake kila asubuhi. Akifungua duka, kwanza alifagia mbele ya mlango. Kisha alinyunyiza maji ili vumbi litulie. Mwisho aliivua kompyuta kanga iliyoifunika, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati. Watu wa mtaa ule wa Mtwara mjini walimtania. Walisema kompyuta ya Mwanaisha inafunikwa vizuri kuliko mumewe.

Ulikuwa mwaka 2003. Katika duka lile Mwanaisha alipiga chapa barua za watu, akachora kadi za harusi na mabango. Kuchora alijifundisha mwenyewe, miaka mitatu, kwa programu moja tu ya kuchorea. Ilikuwa toleo la tisa. Toleo maana yake ni hivi. Wenye kutengeneza programu hawakai kimya. Baada ya muda huitengeneza upya, wakaongeza hiki na kile, wakaipa namba nyingine.

Mwezi wa sita mama yake, Bi Rukia, alikuja kutoka Naliendele na kikapu cha korosho za kukaanga. Bi Rukia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaobangua na kukaanga korosho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na kazi, sikuja kusalimia."

"Kaa kwanza."

"Mwaka huu tunakwenda tena kwenye maonyesho ya Nanenane. Mwaka jana pakiti zetu hazikuwa na lebo. Tukaambiwa tuziweke chini ya meza. Tukakaa siku nzima na korosho zetu chini ya meza, kama tumeziiba. Mwaka huu nataka ziwe juu."

Mwanaisha alichora lebo hiyo wiki tatu. Kazi haikuwa ya mkono tu, ilikuwa ya maneno pia. Wengine walitaka bibo, lile tunda la mkorosho, liwe la njano, wengine jekundu. Mmoja alitaka picha yake mwenyewe, wakamcheka mpaka naye akacheka. Mwisho walikubaliana: bibo jekundu, na korosho yake inaning'inia chini, kama ilivyo mtini. Mwanaisha akatoa karatasi moja ya mfano. Wote kumi na wawili waliiwekea sahihi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Karatasi ikabandikwa ukutani.

Zikabaki wiki mbili. Ndipo shemeji yake, Amiri, alipofika kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na sidii mpya ya programu ileile mfukoni.

"Shemeji, bado uko toleo la tisa?" Amiri alimwuliza. "Wenzio Dar wako la kumi na moja. Nikuwekee?"

"Weka."

Programu ikaingia. Ilikuwa nzuri kweli, ina rangi nyingi na vivuli vya kupendeza. Mwanaisha alifurahi kama mtoto wa Idi.

"Hili la zamani liache tu lilipo," Amiri alisema. "Halikudai chakula."

Mwanaisha alitikisa kichwa. "Sisi kwetu mwali akitoka unyagoni anapewa jina jipya. Ukimwita lile la zamani umemtukana. Kipya kimeingia, cha zamani kimekwisha."

Amiri alipoondoka, Mwanaisha alifanya kama alivyosema. Alifungua mafaili yake yote, moja baada ya jingine, katika toleo jipya. Kwenye lebo aliiongezea korosho vivuli. Kila moja alilihifadhi juu ya lile la zamani, kwa jina lilelile. Kisha akalifuta toleo la tisa kwenye kompyuta. Sidii yake ya zamani alimpa mama yake. Bi Rukia alikuwa anaanika mtama uani, na ndege wanaogopa kitu kinachometameta.

Jumatatu ya wiki ya maonyesho, Mwanaisha alipeleka lebo kwenye nyumba ya kuchapia. Kikundi kilikuwa kinaondoka Alhamisi alfajiri. Pale alifanya kazi Agnes, mwanamke wa Kyela aliyekaa Mtwara miaka minane. Agnes alikuwa mtaratibu, na mtambo aliujua kama jiko lake.

Agnes aliingiza sidii ya Mwanaisha. Alisubiri. Akajaribu tena.

"Mwanaisha, faili lako halifunguki."

"Halifunguki vipi? Kwangu linafunguka."

"Umelichora kwa toleo gani?"

"La kumi na moja," Mwanaisha alijibu, na kichwa kikanyanyuka kidogo.

"Hongera. Mimi hapa nina la tisa. Mtambo huu unaelewana na la tisa tu. Toleo jipya hulisoma la zamani, lakini la zamani halilisomi jipya. Nenda kalitoe kwenye la tisa uniletee."

Mwanaisha alijifanya anapanga karatasi mezani.

"Usiniambie umelifuta."

"Nimelifuta."

"Nakala ya lile faili la mwanzo unayo?"

"Nimehifadhi juu yake."

Agnes alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jioni nitapita kwako," alisema. "Usiguse kitu."

Mwanaisha alirudi dukani. Alimkuta Bi Rukia amekaa, anamngoja. Ilibidi amweleze.

Bi Rukia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliitazama ile karatasi ukutani, yenye madole gumba. "Kwa hiyo tunarudi chini ya meza," alisema.

Maneno yale yalimchoma Mwanaisha kuliko kugombezwa.

Saa kumi na moja jioni Agnes aliingia. Alimwamkia Bi Rukia, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Fungua lebo yako," alimwambia Mwanaisha. "Sasa usibonyeze kuhifadhi kwa kawaida. Chagua kuhifadhi kwa jina jingine. Umeona hapo chini? Kuna kisanduku kinachokuuliza toleo. Chagua la tisa. Na jina andika lebo-9, ili usiifute ile ya kumi na moja."

Mwanaisha alifanya hivyo. "Kumbe ni hivi tu?" Alianza kutabasamu.

"Ngoja kwanza. Hapo umelishusha kwa kubahatisha. Vile vivuli ulivyoongeza kwenye korosho, toleo la tisa halivijui. Linaweza kuviharibu. Ni lazima ulifungue katika la tisa ulitazame kwa macho yako, ulirekebishe hapahapa, maana kazini kwangu mtambo haukai bure. Sidii ya la tisa iko wapi?"

Mwanaisha alimtazama mama yake. Mama yake alitazama dari.

"Inafukuza ndege," alisema Bi Rukia.

Agnes alicheka mpaka akashika meza. "Haya. Ndege wapumzike kesho."

Kesho yake asubuhi Mwanaisha alichukua baiskeli ya mumewe, akaenda Naliendele. Sidii ilikuwa inaning'inia uani kwa uzi, ina vumbi na kinyesi cha kuku. Aliiosha kwa maji na sabuni. Aliipangusa taratibu kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kama Agnes alivyomwagiza. Kasha lake Bi Rukia alikuwa ametilia sindano. Bahati njema, namba ya kufungulia programu ilikuwa bado imeandikwa nyuma ya kasha.

Saa nane Agnes aliomba ruhusa kazini, akaja. Bi Rukia naye alikuwapo. Sidii iliingia. Kompyuta ikakoroma. Ikanyamaza. Ikakoroma tena. Kisha ikasoma.

"Sasa sikiliza," alisema Agnes. "Itakuuliza iiweke wapi. Usiiweke ndani ya folda ya la kumi na moja. Itengenezee folda yake, iandike namba tisa."

"Matoleo yote mawili yataweza kukaa pamoja bila kugombana?"

Bi Rukia alidakia. "Marehemu baba yako alikuwa na wake wawili. Tuligombana lini?"

"Hamkugombana, mama."

"Kwa sababu kila mmoja alikuwa na chumba chake na chungu chake. Tungepikia chungu kimoja, ungesikia."

"Bi Rukia amemaliza somo langu," alisema Agnes. "Jambo moja limebaki. Ukiligonga faili mara mbili, litakimbilia programu iliyoingia mwisho, hata kama si yake. Kwa hiyo fungua kwanza programu unayoitaka, halafu uliite faili ukiwa ndani."

Mwanaisha alifungua toleo la tisa, akaiita lebo-9. Lebo ikaja. Bibo lilikuwa jekundu. Lakini korosho ilikuwa imegeuka donge jeusi, na herufi zimesogea.

"Imeungua hiyo," alisema Bi Rukia. "Nani kakaanga?"

Mwanaisha hakucheka. Aliibandua ile karatasi ukutani, akaiweka pembeni ya kompyuta. Alitoa kivuli cheusi, akaweka rangi ya kahawia ya kawaida. Akarudisha herufi moja moja mahali pake. Mara umeme ukakatika, lakini alikuwa amekwisha hifadhi. Uliporudi aliendelea pale alipoachia. Magharibi ilipoadhiniwa, lebo ya kwenye kioo na lebo ya kwenye karatasi zilikuwa kitu kimoja.

Jumatano asubuhi faili lilifunguka kwa Agnes mara ya kwanza. Mchana kutwa mtambo uliimba. Jioni wanawake kumi na wawili walikaa uani kwa Bi Rukia wakibandika lebo. Alhamisi alfajiri walipanda gari na maboksi yao.

Waliporudi, walipitia moja kwa moja dukani, bado wana vumbi la safari. Waliimba toka kona ya barabara. Bi Rukia aliingia wa kwanza. Alishika pakiti moja tu, ya mwisho.

"Zilikaa wapi?" Mwanaisha aliuliza.

"Juu ya meza. Mbele kabisa. Watu wanashika, wanasoma jina letu, wananunua. Hii nilimnyima mtu ili nikuletee wewe." Akaiweka juu ya kompyuta.

Tangu siku ile Mwanaisha alikuwa na bati la biskuti. Ndani yake mlikaa sidii za matoleo yote, na daftari lenye namba za kufungulia. Jina la kila faili alilimalizia kwa namba ya toleo lake. Akilipandisha faili kwenye toleo jipya, lile la zamani aliliacha lilipo. Sifa zikaenea. Maofisi yaliyokuwa na mafaili ya zamani yasiyofunguka popote yalimletea yeye, naye aliyafungua.

Miaka miwili baadaye Amiri alikuja tena, safari hii na toleo la kumi na mbili.

"Nifute yapi, shemeji?" aliuliza kwa utani.

"Ukifuta moja, utakwenda kufukuza ndege kwa mama wewe mwenyewe," alisema Mwanaisha. Akavuta kiti, akatengeneza folda mpya, akaiandika namba kumi na mbili.

Bi Rukia alikuwa amekaa mlangoni anabangua korosho. Hakuinua macho. "Sasa wake wamefika watatu," alisema. "Mwambie Amiri kimebaki chumba kimoja tu, cha wa nne."