Mtani Kaburini

Siku ya gulio mjini Kilosa, Editha alikuwa ameinama mbele ya magunia ya mchele wa Tindiga, akipima punje kwa meno, mara mkono wa mtu ukapita juu ya bega lake na kuchota karanga alizokwisha kuzinunua.

"Kaka, hizo ni zangu," alisema.

"Ndiyo maana ni tamu," akajibu mwenye mkono, akitafuna bila haraka. "Nimemsikia huyu mama wa mchele akikuita Mnyamwezi. Mimi ni Mngoni. Tangu lini Mngoni akaomba ruhusa kwa mtumwa wake?"

Editha akainua uso. Aliyesimama mbele yake alikuwa kijana mrefu, amevaa shati la rangi ya maziwa lililopigwa pasi hata mikunjo ya mikono ikasimama, na kofia ya majani ambayo haikupatana kabisa na shati hilo. Yeye mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha buluu na kilemba cha kitambaa hichohicho, vazi lake la siku za kupumzika. Alikuwa mjukuu wa manamba, vibarua walioletwa zamani kwa mikataba kutoka mbali waje kukata mkonge, na utani wa makabila aliurithi kama wengine wanavyorithi mashamba. Alijua kuwa mtani akikuchukulia chako huna haki ya kununa. Una haki ya kulipiza tu. Basi akampokonya ile kofia, akaivaa juu ya kilemba, akamwambia kwamba hataiona tena mpaka ambebee mchele hadi stendi. Kijana akabeba. Njiani akajitambulisha kuwa anaitwa Ditram, mgeni katika wilaya, na kwamba amepata kazi ya ofisini. Editha akasema yeye yuko kwenye mkonge, wala hakuna aliyetaja jina la shamba. Walipoachana, kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya mwenzake.

Zikaanza simu za jioni. "Mtumwa wangu, umeshindaje?" Ditram angeuliza, naye Editha angejibu kwamba ameshinda vizuri, isipokuwa ametafuta mahali pa kumuuza Mngoni mmoja mrefu, wanunuzi wote wamemkataa. Baada ya utani yalifuata mazungumzo ya kweli. Editha alimsimulia juu ya babu yake, mzee Simoni, aliyekuwa hajiwezi kitandani. Juu ya vibarua waliofanya kazi shambani misimu mingi bila kuajiriwa. Jioni moja alimwambia kuwa mtu aliyenyimwa ajira ya kudumu, ukimpa glavu na mabuti, hunyamaza kwa muda.

Hakumwambia kuwa yeye ndiye katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika shamba hilo. Hakukusudia kumficha, aliona tu kuwa jioni hizo si za chama.

Mazungumzo ya mkataba wa hali bora, yaani mapatano ya mishahara na masharti ya kazi, yalifanyika Mikumi, katika ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara kuu, kwa sababu kila upande uliuogopa uwanja wa mwenzake. Editha aliingia na wajumbe wake. Upande wa pili wa meza, pembeni mwa meneja, alikaa afisa utumishi mpya. Alikuwa Ditram. Uso wake ulibadilika, kisha ukatulia kama maji ya mtungini.

"Karibu, Ndugu Katibu," alisema.

Jambo la kwanza ambalo mwajiri alilitoa, hata kabla ya kuombwa, lilikuwa glavu na mabuti kwa wakataji wote. Kuhusu ajira ya vibarua, meneja aliomba suala hilo lisubiri mwaka mwingine. Editha aliyakumbuka maneno yake mwenyewe ya simuni. Wajumbe wake walifurahia glavu. Yeye hakuweza hata kuandika.

Jioni ile simu ilipolia aliiacha ikalia hadi ikachoka. Ilipolia tena akaipokea.

"Ulijua," alisema.

"Sikujua, Editha. Nimejua ulipofungua mlango."

"Na glavu?"

"Zilikuwa zimepangwa kabla sijaajiriwa. Uliyoniambia hayajatoka kinywani mwangu."

"Mngoni, unataka nikuamini kwa kipi?"

Ditram akakiri kuwa hana cha kumwonyesha. Jibu hilo lilimvuruga zaidi. Mwongo, aliwaza Editha, angekuwa na ushahidi.

Kabla ya kikao cha pili mzee Simoni akafariki. Alizikwa katika makaburi ya manamba, ng'ambo ya mashamba, na wakata mkonge wote wakaja. Ditram naye akaja, amevaa suruali nyeusi na shati lake lile la maziwa. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, wakamwitikia marahaba. Jeneza lilipokaribia, akaruka ndani ya kaburi.

"Hashuki," alitangaza kutoka chini. "Shimo hili ni la Mngoni. Mnyamwezi atafute lake."

Wazee wakacheka huku machozi yakiwatoka, maana huo ndio wajibu wa mtani: kuuvunja msiba makali. Akamwigiza marehemu akikata mkonge, mgongo umepinda, mkono mmoja kiunoni. Kisha akasema, "Mzee huyu alikata mkonge mpaka mkonge wenyewe ukamhurumia. Sasa mjukuu wake anadai glavu. Atadai glavu mpaka mikono iishe." Shangazi yake Editha, Magreti, akamtupia kuku wa kumkomboa marehemu, ndipo Ditram akakubali kutoka, magoti yamejaa udongo mwekundu.

Editha alikuwa amecheka pamoja na wazee hadi kufikia neno lile la glavu. 

Mkataji mmoja alikuwa amepiga picha za video. Kufikia jioni zilikuwa katika simu ya kila mfanyakazi, zikiwa na maneno: afisa wa mwajiri amdhihaki marehemu. Vibarua wengi walitoka sehemu ambako mtani haingii kaburini. Asubuhi hakuna aliyekwenda shambani. Walikusanyika mbele ya korona, mashine ya kukoboa mkonge, ambayo ilikuwa kimya, na Mudi, mkataji mwenye sauti ya kujaza uwanja, akawataka wagome siku hiyohiyo. Notisi ya mgomo haikuwa imetolewa. Editha alijua kuwa kibarua akigoma bila notisi atafukuzwa kabla jua halijawa kali, na wale waliosubiri ajira misimu yote hiyo wasingerudi tena. Alijua pia kuwa neno lolote la kumtetea Ditram lingeulizwa limetoka wapi.

Akapanda juu ya toroli la mkonge. Aliwaeleza utani, taratibu, tangu sokoni. Kisha akawaeleza na simu za jioni.

Mudi aliuliza, "Kwa hiyo mchana unadai kwa mdomo, jioni unapunguza kwa simu?"

Baadhi walicheka, si kwa wema.

"Nilimwambia jambo la glavu kabla sijajua yeye ni nani," alisema Editha. "Nimemuuliza, amekana. Namwamini, lakini sijui kama namwamini kwa sababu ni mkweli au kwa sababu nampenda. Nikiwaambia najua, nitakuwa nimewadanganya. Niondoeni ukatibu mkitaka. Ila msigome leo."

Mudi alipendekeza aondolewe. Ndipo Magreti, aliyekuwa akifanya kazi ya kupiga brashi nyuzi tangu ujana wake, akainua mkono wenye sugu.

"Katibu anayejua sheria tunaye mmoja," alisema. "Mimi napendekeza tusimamishe mapenzi. Yasimame mpaka mkataba utiwe saini. Vibarua wamesubiri; na wapenzi wasubiri. Simu yake nitakaa nayo mimi."

Watu wakatazamana, kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja hapa, mitatu pale, hata uwanja ukawa msitu. Editha alisimama juu ya toroli asijue kama ameokolewa au ameadhibiwa. Alipoona mkono wa Mudi umebaki chini, alimwomba awe mjumbe, akae karibu naye mezani, amsikilize kila neno. Mudi akainua mkono wake shingo upande. Wakarudi kazini.

Mvua za masika ziliwakuta Mikumi kwenye kikao cha pili. Meneja alianza kuzisifu glavu.

"Glavu tumepokea, ahsante," alisema Editha. "Hatuzungumzi tena juu ya glavu. Tunazungumza juu ya vibarua."

Ditram alimpinga kwa hoja nzito na sauti tulivu, bila kumpunguzia chochote, na kwa muda mrefu Editha alimchukia kwa dhati. Mara Mudi alipandwa na hasira. Editha akamshika mkono. Kisha akasema kwamba notisi ya mgomo iko tayari, imeandikwa kisheria, inangoja tarehe tu. Meneja akaomba faragha na afisa wake. Waliporudi, mwajiri alikubali: kila kibarua aliyemaliza misimu iliyotajwa mkatabani ataajiriwa. Wakatia saini. Mudi alitoka nje kumpigia Magreti simu, akisema kwa sauti iliyopenya dirisha kwamba kifungo kimeisha.

Ditram alimkuta Editha barazani, malori yakipita na kurusha maji.

"Kaburini," Editha alimuuliza bila salamu, "ulikuwa mtani au afisa?"

"Niliingia mtani. Lile la glavu lilinitoka. Nilikuwa nimelala nalo tangu kikao cha kwanza, nikiwaona mnavyozifurahia na kuisahau ajira." Akajifuta maji usoni. "Leo hii nimekupinga kwa moyo wangu wote, na uliposhinda nilitaka kupiga makofi. Usiniulize mimi ni nani, maana sijui."

"Hata mimi sijui nampenda yupi."

"Basi nimtume mshenga, au ningoje mpaka ujue?"

Editha alilitazama shati lile la maziwa, kisha suruali nyeusi ya msibani, ambayo magotini bado ilikuwa na kivuli cha udongo mwekundu uliokataa kufuliwa.

"Mtume," alisema. "Lakini mwonye mapema kwamba kwetu hatupunguzi."

"Hilo," alisema Ditram, "nimekwisha kulitilia saini."

Akacheka, naye Editha akacheka, kisha akajikuta analia, na hakutafuta sababu.