Sheria ya Kuitika

Siku ile jina liliitwa kabla kengele haijalia. Wasichana wa shule ya ualimu, mwendo wa nusu saa kutoka Kasongo, walikuwa bado wanafua, jua liko utosini, wakasikia nyuma ya bafu sauti ya kike ikiita, "Louise!" Louise akaitika, "Prezanti!", yaani nipo, kama darasani, akaweka ndoo chini, akazunguka ukuta. Hakurudi. Ndoo ilibaki pale na maji yake, na hewa ilinuka udongo mbichi ingawa mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Mwaka ule, 1954, sheria kumi na mbili za usalama zilibandikwa mlangoni mwa bweni. Mamère Godelieve, mtawa mkuu wa shule, alizitunga mwenyewe kwa nia njema kabisa, na nia njema ndiyo iliyowaponza watu. Sheria ya nne ilisema: anayeitwa aitike papo hapo, mara ya kwanza. Sasa, huko Kabambare alikotoka Célestine, msimamizi wa bweni, mtoto hufundishwa kinyume hata kabla hajaota meno: ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza, ngoja mara ya pili. Binadamu ataita tena. Yule mwingine huita mara moja tu. Célestine alilijua hilo tangu mgongoni mwa mama yake, na bado kwa miaka mitatu alikuwa amewachapa fimbo wasichana waliochelewa kuitika. Kazi ni kazi, alikuwa akijiambia.

Sheria ya kumi na mbili ilitaka kila kosa na kila mkasa uandikwe katika kitabu cha ripoti kabla jua halijatua. Célestine aliandika: "Louise ameitwa na sauti, hakurudi." Mamère alisoma, akachana ukurasa taratibu, akaandika upya: "Ametoroka." Inspekta alikuwa anakuja mwezi ujao, na shule inayopoteza wasichana ndani ya ua wake hufungwa. Aliyetoroka ni aibu ya kwao, si ya shule. Célestine akatia saini chini yake. Mdogo wake Régina alikuwa amepata nafasi pale kwa sababu ya kazi hiyo ya dada yake, na Célestine aliogopa asije akafukuzwa.

Siku ya nane akaitwa Marcelline. "Ametoroka." Saini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini Mamère hakuwa na methali hiyo katika vitabu vyake. Louise alilala kitanda cha kwanza, Marcelline cha pili. Cha tatu kilikuwa cha Régina.

Siku ya kumi na nne Célestine alimwendea Bulaimu, mfyatua matofali aliyelijenga lile bafu. Bulaimu alimvuta nyuma ya tanuri lake hata kabla hajaulizwa.

"Sema polepole, dada," alinong'ona. "Shimo iko natusikia. Tulichimba udongo pale nyuma, mu shimo ya zamani. Wazee walitukataza. Mamère akasema matofali yake inachelewa."

"Na ile kitu iko nakamata batoto namna gani?"

"Haina nguvu ya kukamata mutu. Mutu mwenyewe anaipa njia, akiitika."

"Akinyamaza?"

"Inabakia na njaa yake."

Jioni hiyo Célestine alipiga magoti mbele ya Mamère, akaomba sheria ya nne ibanduliwe kabla ya zamu ya Régina kesho yake.

"Célestine, weye iko mukristo?" Mamère aliuliza kwa huzuni.

"Mi mukristo, Mamère. Lakini ule iko naita si mukristo."

"Kesho saa sita nitasimama karibu na Régina, mi mwenyewe. Tutaona."

Kesho yake jua liliposimama, kuku wakanyamaza kwanza, kisha mlio wa nguo zinazopigwa juu ya mawe ukafifia jiwe baada ya jiwe, kisha harufu ya udongo mbichi ikaja ikipanda kutoka miguuni mpaka kooni, na Célestine, aliyesimama nyuma ya mdogo wake, akaona vinyweleo vya shingo ya Régina vikisimama kabla yeye mwenyewe hajasikia kitu, na alipoanza kudhani kwamba labda leo haitakuja, ikaja, nyuma ya ukuta, kwa upole, kama mama anayemwita mwanawe aje kula: "Régina!"

Midomo ya Régina ikafunguka. Célestine akaiziba kwa viganja viwili, akamvutia kifuani kwa nguvu zake zote.

"Jina yake imeitwa!" Mamère alifoka. "Aitike!"

"Ngojeni mara ya pili, Mamère. Ngojeni tu, tafazali."

Wakangoja. Hakuna aliyeita tena. Mamère alikuwa mwekundu usoni. Maisha yake yote hakuwahi kuvumilia jina liitwe likose jibu. Basi akamwitikia mtoto. "Prezanti!" alisema kwa sauti ya darasani, akakunja mikono ya kanzu yake, akazunguka ukuta. Zilisikika hatua nne, tano, kwenye mchanga. Ya sita hawakuisikia.

Askari walimtafuta siku kumi na nne. Walilichimbua lile shimo, wakakuta maji ya kufika kifundo cha mguu. Kwa Louise na Marcelline hakuna aliyeleta hata jembe, na jambo hilo lilimchoma Célestine kuliko hofu yenyewe. Ofisa wa Serikali alipofungua kitabu cha ripoti, alikuta mistari miwili kwa mwandiko wa Mamère, na wa tatu kwa mwandiko wa Célestine: "Ametoroka."

"Weye iko na wazimu?" alisema ofisa. "Mamère hawezi kutoroka!"

"Na Louise hakutoroka, bwana. Wala Marcelline."

Célestine akachukua kalamu mbele yake, akaifuta mistari yote mitatu, akaandika ukweli mara tatu. Safari hii hakuna aliyechana ukurasa. Jioni akaibandua sheria ya nne kwa kucha zake.

Kesho yake saa sita, wasichana wakifua, sauti iliita nyuma ya bafu. Ilikuwa sauti ya Mamère, na lafudhi yake ileile ya kizungu, sauti ambayo Célestine alikuwa ameitii kwa miaka mitatu bila kufikiri.

"Célestine!"

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Kiganja cha Régina, chenye povu la sabuni, ndicho kilichouziba. Wakasimama hivyo, dada na mdogo wake, wakingoja mara ya pili.