Zamu ya Kambi ya Chumvi

Eustace Lugembe alishuka kwenye treni pale Kambi ya Chumvi jua likiwa limekwisha kuinamia upande wa Tabora. Kwapani alikuwa na redio ya mbao iliyofungwa kwa kanga kuukuu. Redio haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Bernardo, msimamizi wa kile kituo kidogo mbele ya Igalula, na Shaban fundi redio ndiye aliyemtuma kuirudisha.

"Mpelekee mzee wa watu," Shaban alikuwa amemwambia. "Akikupa kuku, nusu yako. Akikupa shukrani, chukua zote."

Walicheka. Lakini njia nzima Eustace alikuwa akimwomba Mungu apewe kuku.

Ulikuwa wakati ule wa kufunga mikanda. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na madukani zilibaki rafu na wauzaji. Kabla ya hapo Eustace alikuwa Nairobi, amevaa koti jeupe, anaendesha kompyuta ya reli za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima, inakula kadi zilizotobolewa na kutema hesabu za mishahara ya watu wa nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika, kila mtu alirudishwa kwao na sanduku lake. Eustace akaanza kuzunguka Tabora ofisi kwa ofisi. Alikwenda reli, posta, benki, hata kwenye maghala ya tumbaku. Kote alisikilizwa kwa heshima.

"Kompyuta?" karani mmoja alimuuliza. "Ndugu yangu, hapa hata utepe wa taipureta tumeutumia mpaka unaandika kwa imani."

Sasa alikuwa akishinda kwenye benchi la Shaban, akichomelea nyaya za redio za watu kwa malipo ya chakula cha mchana. Nyumbani, mtaa wa Isevya, mkewe Bernadeta alikuwa mjamzito, miguu imemvimba. Lile koti jeupe alikuwa amekwisha kulikata nepi za mtoto ajaye. Alilikata yeye, na Eustace ndiye aliyemshikia kitambaa.

Mzee Bernardo alimpokea kwa furaha. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya reli iliyopoteza nembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

"Imepona. Inashika hata Lusaka."

"Basi nitawasikia na wao wanavyolalamika." Mzee akacheka, akaweka redio mezani. "Kaa humu ofisini. Nakwenda kijijini nikukamatie kuku kabla giza halijaingia. Treni ya kukurudisha haijafika Itigi bado. Na wewe... kaa tu. Usichezee vitu."

Akatoka.

Kijiji hakikuwa karibu. Zamani watu walijenga palepale kituoni, lakini Operesheni Vijiji iliwahamisha wote hadi ng'ambo ya bonde. Zilibaki kuta za udongo zilizoyeyuka kwa mvua, na makaburi. Nyuma ya ofisi ilipita njia ya zamani ya misafara ya wapagazi wa chumvi, pana, ngumu, isiyoota jani. Babu yake Eustace alipita hapo na mzigo begani, kwenda pwani kutafuta kazi. Wengi walipita. Ambao hawakuweza kuendelea waliachwa pembeni ya njia, na mizigo yao ikagawanywa kwa wenzao.

Ofisi ilinuka mafuta ya taa na popo. Kwenye kona, juu ya meza iliyoliwa na mchwa, Eustace aliiona telegrafu ya zamani. Kitufe cha shaba cha kupigia, na pembeni yake kidude cha kupokelea, vyote vimefunikwa vumbi. Alitabasamu. Kabla ya Nairobi, kabla ya koti jeupe, ujuzi wake wa kwanza ulikuwa huo. Alifundishwa Tabora stesheni na Mzee Dionis, mtu mkali aliyekuwa akimgonga vidole kwa rula.

"Mpigaji haachi kiti," Dionis alizoea kusema. "Hata kama unaumwa, hata kama nyumba inaungua. Unamwita wa zamu inayofuata. Akiitika, zamu ni yake, wewe huru. Asipoitika, unaendelea kukaa."

Dionis aliachishwa kazi zilipokuja mashine mpya. Alizunguka kuomba kazi kama Eustace alivyozunguka sasa, akamalizikia huku vituo vya porini. Eustace alisikia habari za msiba wake akiwa Nairobi. Hakuweza kuja kuzika.

Jua likazama.

Ndipo aliposikia jina lake.

"Eustace..."

Sauti ilitoka nje, upande wa njia ya misafara. Ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeomba maji.

Eustace alifumba mdomo. Mama yake, Veneranda, alikuwa mtu wa rozari na misa ya kwanza, lakini jambo moja hakumwachia padri. Ukiitwa giza linapoingia, usiitike mpaka umeuona uso wa anayekuita. Alimfunza hivyo akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati. Hata Nairobi, kwenye korido zenye taa nyeupe, Eustace hakuwahi kuitika jioni kabla ya kugeuka na kutazama.

"Eustace... Lugembe..."

Akanyamaza. Akageuka kutazama dirisha. Nje, kitu kilijikokota kwenye ukuta, kikafika dirishani, kikasimama. Ikaja harufu. Chumvi. Chumvi mbichi ya Uvinza, iliyochanganyika na jasho la watu wengi.

Kisha kimya. Harufu ikapungua. Eustace akashusha pumzi, akamshukuru mama yake kimoyomoyo.

Tik.

Akageuka kuelekea kwenye kona.

Tik... tik-tik... tiiik.

Kidude cha kupokelea kilikuwa kinacheza. Vumbi lilikuwa likiruka juu yake kidogo kidogo. Kiliita kituo kwanza. Halafu kikapiga mapigo mafupi mawili, refu, fupi. Ile ilikuwa alama ya Eustace mwenyewe, aliyopewa siku alipofuzu. Na mkono ule aliujua. Kila mpigaji ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwendo wake. Huyu alikuwa akiliburuta pigo la mwisho, kama mtu anayefunga mlango mzito.

Mkono wa Mzee Dionis.

Mdomo wa Eustace ulikuwa umefumbwa barabara. Alikumbuka vizuri mafunzo ya mama yake. Lakini hakuna aliyewahi kumfunza kuhusu kidole. Mpigaji akisikia alama yake, mkono hauombi ruhusa kichwani. Kabla hajajua anafanya nini, kidole chake kilikuwa juu ya shaba.

Akaitika.

Kidude kikatulia. Kisha kikaja polepole, herufi kwa herufi.

KAZI IPO. NAFASI MOJA. UNAPOKEA?

Angeweza kuondoa mkono. Alikuwa na nafasi hiyo, hata kama ilikuwa ndogo. Lakini tangu arudi nyumbani, hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno yale. Aliziona nepi zilizokatwa kutoka kwenye koti. Aliona miguu ya Bernadeta.

Akapiga: NAPOKEA.

Kisha zikaja alama za kufunga zamu, za haraka, nyepesi, kama mtu anayekimbia. Na mwisho, neno moja ambalo Dionis hakuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote.

SAMEHE.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Bernardo alisimama na taa mkono mmoja, jogoo mkono wa pili. Alitazama kidole cha Eustace juu ya kitufe. Uso wake ukabadilika.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Waliniita, mzee. Mzee Dionis... nimeusikia mkono wake."

Bernardo aliinamisha taa chini ya meza. Waya ulitoka kwenye kile kifaa, ukashuka kwenye mguu wa meza, ukaishia hapo. Ulikuwa umekatwa zamani. Ncha yake ilikuwa na kutu.

"Inagongagonga jioni," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Siku zote. Mimi sikusomea mambo hayo, mwanangu. Kwangu ni kama panya. Dionis alikuwa akilala humu. Jioni moja naye aliisikia ikigonga, akasema anaitwa. Nikamcheka." Akainua taa. "Tulimzika yeye, au kilichofanana naye. Mabega yalikuwa yamechubuka kama ya mpagazi, na hakuwahi kubeba hata ndoo."

"Wanataka nini?"

"Nitajuaje? Hata msafara wa waliokufa njiani una mbebaji, una mpiga ngoma, una mwenye kuita watu. Labda siku hizi na wao wanataka wenye elimu." Alimpa yule jogoo. "Nenda kasubiri treni nje, na taa hii uichukue. Na usirudi hapa."

Nyumbani, Bernadeta alifurahi sana kuona jogoo.

Furaha haikufika Jumapili. Tangu usiku ule, Eustace alipolala, kidole chake kilianza kugonga mbao za kitanda. Bernadeta alidhani ni ndoto. Lakini asubuhi mumewe aliamka na vumbi jekundu miguuni, ilhali mlango ulikuwa na komeo lake. Begani palikuwa pamechubuka. Alipolamba midomo yake, ilikuwa na chumvi.

"Baba Apolinaria, usiku unakwenda wapi?" alimuuliza. Apolinaria ndilo jina walilomwekea mtoto kabla hajazaliwa.

"Kazini," Eustace alijibu. Kisha akashtuka kwa alichokisema.

Alianza kukauka. Kwa Shaban alikuwa akisinzia, chuma cha kuchomelea mkononi, mpaka Shaban akamwambia kwa upole apumzike nyumbani. Hata ile sahani ya mchana ikakatika. Padri alimwombea. Veneranda alikuja kutoka kijijini, akamfukiza dawa, akalia. "Nilikufunza usiitike," alisema. "Sikuitika, mama," alijibu, na ilikuwa kweli.

Mwishowe Bernadeta akachana kanga, akawa anamfunga mkono wa kulia kwenye kitanda kila jioni. Mkono ulipofungwa, Eustace alilala palepale hadi asubuhi, akitetemeka kama mwenye homa. Lakini alipungua zaidi. Zamu isiyofanyiwa kazi haisameheki.

Katika kulala huko ndipo alipoelewa kile ambacho kidole kilikuwa kikigonga. Alijisikiliza mwenyewe. Kilikuwa kinaanza kuita alama ya mtu, kinakatika, kinaanza tena. Aliijua alama hiyo. Ilikuwa ya Lukumani wa Bukene, aliyefundishwa pamoja naye kwa Dionis, wakakaa chumba kimoja Nairobi, wakarudi kwenye behewa moja. Lukumani naye hakuwa amepata kazi. Alikuwa na watoto wanne.

Eustace aliuma mto ili asilie kwa sauti.

Siku Bernadeta aliposhikwa na uchungu wa kwanza, ule wa uongo, mkunga alimwambia Eustace kwamba mkewe amekosa damu, na kwamba mtoto huyu atahitaji baba mwenye nguvu. Jioni ile Bernadeta alikuja na kile kipande cha kanga kama kawaida.

Eustace aliutazama mkono wake kwa muda.

"Leo usinifunge," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimechoka, mama Apolinaria. Leo usinifunge."

Kabla juma halijaisha, giza likianza kuingia, mtu alibisha hodi uani. Eustace alisubiri. Alisogea hadi dirishani, akautazama uso kwanza, ndipo akafungua mlango.

Alikuwa Lukumani. Amevaa shati lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, anatabasamu kwa meno yote.

"Mnyamwezi wee! Umekonda hivyo, mkeo anakupa mawe?"

"Karibu, Lukumani. Vipi Bukene?"

"Nimeacha Bukene." Alisogea karibu, akashusha sauti kama mtu mwenye siri tamu. "Nilikuwa nimekaa pale relini jioni, reli ikaanza kugonga. Nikadhani nachanganyikiwa. Kumbe ni wewe, unasema kazi ipo! Mkono wako, Eustace, naujua popote."

Eustace alishika fremu ya mlango.

"Ukaitika?"

Lukumani akacheka.

"Swali gani hilo? Miaka yote hii natafuta kazi, rafiki yangu ananiita, nisiitike? Nilichukua jiwe, nikaitika palepale." Alitazama huku na huku uani. "Haya, niambie. Kazi yenyewe iko wapi?"

Alinuka chumvi.

Ndani, Bernadeta aliuliza ni nani. Eustace aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umetulia. Vidole vyote vilikuwa vyake. Tangu siku ya redio, ilikuwa mara ya kwanza kusikia njaa.

"Ingia," alimwambia rafiki yake, huku akiyakwepa macho yake. "Ingia ule kwanza."