Hodi ya Mlangoni

Mmeanza tena. Mmekula mkashiba, sasa mnataka kuogopeshwa. Habari ya motaboti ya Rukwa nimeisimulia mpaka meno yameniisha, na bado yumo mmoja wenu anayesema ni uongo, huku chooni haendi peke yake. Basi naiandika. Msome wenyewe, mniache nichambue maharage yangu.

Vita ya Hitla ilikuwa imeisha. Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu alileta motaboti, akaiweka ziwani, kule chini ya Mbangala. Si ya kuvua, si ya kubeba mzigo. Ya kutembea tu juu ya maji. Kila Jumapili wageni wake wanapanda na kofia zao na chupa zao, wanatazama viboko, wanatazama ndege, wanatazama milima waliyotoka kuiteremka asubuhi ile ile, halafu wanarudi palepale walipoondokea. Petroli yote ile kwa safari isiyofika popote.

Dereva alikuwa Lusubilo, mume wa Sekela, mama yangu mdogo. Mtu wa Ikinga, milimani Ileje, ambako maji mengi anayoyajua mtu ni ya mvua. Injini alijifunza jeshini. Ziwa hakujifunza kwa mtu. Na alipenda sana kuchekesha.

Pale mto Songwe unapoingia ziwani, wenyeji wanapaita Mlangoni. Na mlango ni mlango. Wapiga kasia wakifika hapo wanaacha kasia, mmoja anasema hodi, wote wananyamaza. Pakiwa kimya, wanapita. Wakisikia karibu, wanageuza mtumbwi na hawaulizi.

Damiano, mwenyeji aliyefunga na kufungua kamba za ile motaboti, alimwambia siku ya kwanza. "Zima injini hapa. Piga hodi, unyamaze."

"Nani anakaa humo?"

"Mimi sijaingia."

Lusubilo akazima, akapiga hodi. Mzungu akawaeleza wageni wake, wakatabasamu. Sasa mtu wa namna ile akishaona meno ya watu, kunyamaza hawezi. Akabana koo, akajijibu mwenyewe: "Karibu. Karibu kwangu, mlango uko wazi." Wageni wakacheka mpaka chombo kikayumba. Wakampa biskuti.

Damiano hakucheka. "Umemkaribisha nani?"

"Matete."

"Umesema kwangu. Kwako ni wapi?"

"Funga kamba zako, mzee."

Ikawa ndiyo kazi yake ya Jumapili. Hodi, karibu, biskuti.

Basi Jumapili moja, jua la utosi, Sekela anasonga ugali, motaboti anaisikia mbali ziwani, tutututu, mara nje ya nyumba yake ikapigwa hodi. Sauti ya mumewe.

"Karibu, Baba Ruti. Mbona mapema?"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Injini ilikuwa bado inalia kulekule ziwani. Kwenye kizingiti palikuwa na maji, kama mtu aliyelowa amesimama hapo akingoja, na harufu ya tope la kambare iliyochanganyika na petroli.

Tangu siku hiyo mtungi ukijazwa asubuhi, mchana uko nusu. Biskuti zikaota ukungu ndani ya bati lililofungwa. Ruti, mtoto wao wa pekee, ambaye meno ya utoto hata hayajaanza kung'oka, akawa anaamka nywele zinachuruzika.

"Umeoga wapi?" Sekela alimuuliza.

"Sijaoga. Baba amenishika kichwa."

"Baba yako ameondoka tangu alfajiri."

"Si huyo, mama." Mtoto alinong'ona kwa adabu, kama anayemsema mgeni aliye chumba cha pili. "Yule wa kwenye mtungi. Anasema amekula kwetu vya kutosha, sasa ni zamu yetu kwenda kwake. Nianze mimi."

Sekela alimweleza mumewe. Lusubilo akacheka, akakaa kwenye kigoda chake. Akainuka suruali imelowa matakoni, na hakucheka tena.

"Nitaongea na katekista," alisema.

"Katekista ndiye aliyesema karibu?"

Mngedhani ataacha. Jumapili iliyofuata Mzungu alikuwa na wageni wapya, wameahidiwa mchezo wa hodi, na Lusubilo hakuwa na ubavu wa kumwambia bwana wake hapana. Akazima injini Mlangoni, akapiga hodi kwa sauti ndogo, na kabla hajabana koo ajijibu, matete yakajibu, kwa sauti yake yeye, ileile aliyozoea kuichezea, "Karibu, Ruti," na wageni wakapiga makofi wakidhani ni yeye, naye akageuka akaona kichwa cha mtoto wake juu ya maji, maji yamefika kidevuni, mtoto anatembea taratibu kuelekea kwenye matete, anatabasamu, mkono mmoja ameuinua kama anayeshikwa na mtu mrefu, na ukingoni Sekela anakimbia anaita na sauti haitoki. Lusubilo akajitupa. Alimshika mtoto mguu, akavuta, na upande wa pili mtoto akavutwa vilevile.

Alimtoa. Mkono ule ulibaki na alama za vidole sita.

Wakamleta Nesta kutoka Ndalambo, mganga tuliyemwita Mayo, yaani mama, mwanamke mfupi mwenye hasira, mafua hayamwachi. Alinusa mtungi, akapenga kamasi. "Huyu hakuvunja mlango. Aliitwa. Aliyemwita akaichukue karibu yake."

Wakaenda kwa mtumbwi, Damiano akipiga kasia. Mlangoni Lusubilo akasema, "Karibu niliyoisema naiondoa."

Matete yakauliza, kwa sauti yake mwenyewe: "Yako yote?"

"Yote."

Nesta akafumba macho. "Ungeuliza kwanza, mwanangu."

Mtungi ukatulia. Nywele za Ruti zikakauka. Lusubilo akarudi nyumbani kwa furaha, akapiga hodi, na Sekela aliyekuwa ndani akafungua mdomo aseme karibu, neno likakwama. Akajaribu tena. Kwa jirani lilitoka. Kwa mumewe halikutoka, na yeye bila kuambiwa akajikuta kizingiti hakivuki, miguu imegoma. Ikawa hivyo kwa kila nyumba, hata kanisani. Mzungu alirudi kwao. Lusubilo akalala ndani ya ile motaboti iliyovutwa nchi kavu, pamoja na kuku.

Ruti alipoolewa Ndalambo, baba yake alitembea mpaka huko. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama nje akapiga hodi. Ruti akatoka na sahani, akaiweka juu ya jiwe, akampigia magoti, akarudi ndani. Lusubilo akala amesimama. Alipomaliza akapiga hodi tena, polepole, akangoja. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na wote walisikia.